Komiki yangu ya The Munsters imenyolewa kingo, na muuzaji anataka nimshukuru

Nimesubiri hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka, basi naandika hivyohivyo.

Siku za karibuni nilinunua toleo la kwanza la komiki ya The Munsters, kile kichekesho cha televisheni ya Marekani cha familia ya mazimwi, lile la kampuni ya Gold Key la mwaka 1965 lenye picha ya familia jaladani. Muuzaji ni wa mtandaoni, anajitangaza kuwa bingwa wa kumbukumbu za vichekesho vya zamani vya televisheni ya Marekani. Tangazo lake lilisema nakala ni ya asili na haijaguswa na mtu. Picha zilipigwa juu ya kitambaa cheusi, rangi zimetulia, jalada linang'aa. Nililipa papo hapo. Toleo la kwanza likionekana safi namna ile, ukilala umelikosa.

Kifurushi kilifungwa vizuri, hilo silipingi. Kadibodi mbele na nyuma, mfuko mgumu wa plastiki, hakuna pembe iliyojikunja. Nilipoitoa nikaiweka mezani, kilichonishtua kwanza ni weupe. Komiki za miaka ile zilichapwa kwenye karatasi duni ya magazeti, yenye asidi, na karatasi hiyo huanza kuwa kahawia kutokea ukingoni kwa sababu ndiko hewa na mwanga vinakoingilia. Ukifungua nakala ya miaka 60 unakuta utepe wa hudhurungi umezunguka ukurasa, halafu rangi inafifia kadiri unavyokwenda katikati. Yangu haikuwa na utepe. Upande wa kufungulia na upande wa juu, kurasa zilikuwa na rangi moja mpaka mwisho. Chini tu, ambako mkono haukufika, ule ukahawia ulikuwepo, umekaa mahali pake.

Nikapitisha kidole kwenye pembe. Kali, kama karatasi iliyotoka dukani leo. Nikachukua toleo jingine la mfululizo huohuo nililonalo tangu zamani, nikalilaza juu ya hili jipya, mgongo kwa mgongo. Hili jipya lilikuwa fupi kwa upana, na tofauti ilionekana kwa macho bila hata rula. Nikaweka rula pia, ili asije mtu akaniambia naona mambo. Kuna mtu alichukua kiwembe na kitu kilichonyooka, akanyoa kingo zilizochakaa ili nakala ionekane mpya pichani.

Watu wasiokusanya vitu hivi huuliza kuna ubaya gani. Ubaya ni kwamba hakuna dawa yake. Selotepu ya zamani, fundi mwenye subira anaweza kuitoa. Pini zilizoshika kutu zinaweza kuondolewa. Doa linaweza kuachwa lilivyo na bado ukaipenda nakala yako. Karatasi iliyokatwa hairudi. Ndiyo maana CGC, kampuni ya Marekani ambayo imekuwa ikikagua komiki na kuzipa daraja tangu mwaka 2000, inaihesabu nakala iliyokatwa kingo kuwa imechezewa, na ikigundua marekebisho ya namna hiyo inaweka lebo ya zambarau badala ya ile ya bluu ya nakala ambazo hazijachezewa. Anayejiita bingwa wa biashara hii analijua hilo kuliko mimi.

Nikamwandikia kwa adabu. Nikampelekea picha za zile nakala mbili zimelala pamoja. Nikamuuliza kama alijua, kwa sababu inawezekana naye aliuziwa hivyo, na mimi sipendi kumshuku mtu kabla hajajieleza.

Akajibu hivi: "Ndugu mteja, kingo zilikuwa mbovu, nimekusafishia. Wengine wanalipia huduma hiyo. Ungeshukuru. Na isitoshe hicho ni kitabu cha katuni cha watoto, si hati ya nyumba."

Nilisoma maneno hayo nikahisi masikio yanawaka. Amekiri! Amekata kwa mkono wake mwenyewe, halafu akaandika kwamba haijaguswa, halafu ananifundisha shukrani.

Na hilo la watoto ndilo lililoniuma zaidi. Ndiyo, ziliandikwa kwa ajili ya watoto, kwa senti 12. Watoto walizikunja wakazitia mfukoni, wakazisoma chini ya shuka, wakakata kuponi za matangazo, wazazi wakazitupa wakati wa kuhama. Ndiyo sababu nakala nzima imekuwa adimu leo. Kingo zilizochakaa ni alama ya kwamba mtoto fulani aliishika nakala hii na bado ikavuka. Kipindi chenyewe kilirushwa na televisheni ya CBS kuanzia 1964 hadi 1966, basi. Komiki ziliendelea mpaka 1968, matoleo 16, Herman na Lily na Babu wakiendelea na vituko vyao wakati studio imeshazima taa. Mimi nakusanya kwa sababu hiyo. Na kama vitu vya vichekesho vya televisheni ni upuuzi wa kitoto, makumbusho ya Smithsonian ya Marekani walikosea kupokea kiti cha Archie Bunker, yule baba wa kichekesho cha All in the Family, mwaka 1978? Walikosea kupokea koti la ngozi la Fonzie wa Happy Days mwaka 1980? Kile kiti kilikuwa cha mitumba, kimechakaa, na uchakavu wake ndio kila mtu anaoukumbuka. Mtu angekipiga rangi mpya na kukibadilisha kitambaa ili kipendeze, angesikia maneno.

Sasa, haki ni haki. Huyuhuyu muuzaji aliwahi kuniuzia kisanduku cha bati cha chakula cha The Munsters, kile cha King-Seeley Thermos cha 1965, na sijawahi kununua kitu kikanifurahisha kiasi kile. Chupa yake ilikuwemo ndani, na kikombe chake juu. Kwenye tangazo alionyesha kutu iliyokuwa kwenye bawaba ya nyuma, akapiga picha ya karibu kabisa ya mkwaruzo mmoja ambao mimi hata nisingeuona. Nilikipokea nikakuta kila neno ni kweli. Nilimsifia kwa kila mtu ninayemjua anayependa mambo haya. Kwa hiyo siwezi kusema ni tapeli tangu mwanzo hadi mwisho. Anajua bati. Anajua kusema kweli akitaka. Nilipoanza kuandika hapa nilikuwa nimeshaamua nimpe nyota tatu kwa heshima ya kile kisanduku.

Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba kile kisanduku kinamwongezea kosa. Kumbe anaweza kuonyesha kutu ya ukubwa wa punje, na bado akaficha kwamba amekata kurasa. Ni kwa sababu kutu inaonekana na kila mtu, na ukingo unahitaji jicho. Alihesabu kwamba sina jicho.

Na nisiseme nakala yenyewe haina thamani. Kurasa zote zimo, hadithi imekamilika, sura ya Fred Gwynne, aliyeigiza Herman, jaladani imebaki ilivyo. Niliisoma yote usiku uleule, hasira na zote, nikacheka. Kama angeandika kwamba imenyolewa na akaiuza kwa bei ya nakala iliyonyolewa, huenda ningeinunua nikafurahi, na leo ningekuwa naandika mengine.

Ukinunua kwake komiki yoyote ya zamani, iwe Bewitched au I Dream of Jeannie za kampuni ya Dell, iwe Sgt. Bilko ya kampuni ya DC, dai picha ya kingo zote imewekwa rula kando, na dai picha ya kurasa za ndani, hasa pembeni. Usiridhike na kitambaa cheusi. Akikataa, ondoka. Mabati mnunulieni, sina neno.

Nyota tatu nimezifuta. Mbili nazo nimezifikiria, nimezifuta. Anapata moja, ya yule aliyefunga kifurushi. Pesa yangu bado hajarudisha, na lile tangazo lenye "haijaguswa" nimeliona tena leo asubuhi, sasa liko chini ya picha ya toleo jingine la The Munsters, kingo nyeupe vilevile.