Pottiputki mikononi mwa wanafunzi: mrija mzuri, ila kazi huanzia kitaluni

Pottiputki ni mrija wa kupandia miche uliobuniwa Ufini miaka ya 1970 kwa ajili ya wafanyakazi wa misitu, watu wazima wanaopanda kutwa nzima bila kuinama. Siku hizi huonekana pia kwenye miradi ya shule ya kurudisha uoto wa asili, mikononi mwa watoto wanaopanda saa moja na nusu kisha wanarudi darasani. Je, unawafaa? Unawafaa, kuanzia umri wa miaka 12 hivi, ila si kwa sababu ya kasi inayosifiwa kila mara. Darasa la wanafunzi 30 lina mikono ya kutosha. Halina haja ya kasi. Linachohitaji ni mashimo yenye kina kimoja, na hapo ndipo mrija huu unapostahili pesa zake. Ukishafunga kizuizi cha kina, mashimo ya mtoto makini na ya mtoto mwenye haraka hutoka sawa.

Chombo chenyewe ni bomba la chuma lenye mpini juu na mdomo uliochongoka chini. Unachoma mdomo ardhini, unakanyaga pedeli ili ufunguke, unadondosha mche kwa juu, unanyanyua bomba wima mdomo ukiwa wazi, kisha unabonyeza kifyatuo cha kwenye mpini ili mdomo ujifunge. Mche hubaki umesimama shimoni. Karibu kila anayeanza hukosea mahali pamoja: hufyatua mdomo kabla haujatoka ardhini, nao huubana mche na kuung'oa, au hukata shina. Waambie wataje kila hatua kwa sauti: choma, kanyaga, dondosha, nyanyua, funga. Baada ya miche kumi hivi mwendo unakaa mwilini.

Bomba halimalizi kazi. Mwanafunzi wa pili lazima afuate nyuma, apige goti, avute udongo juu ya bonge la mizizi na kushindilia pembeni kwa vidole au kisigino. Bonge lifunikwe kwa sentimita moja hadi mbili za udongo wa palepale. Likibaki wazi, mboji yake hufanya kazi kama utambi: hufyonza unyevu toka chini na kuupeperusha hewani, na mche hukauka wakati udongo wa jirani bado umelowa. Usishindilie karibu mno na shina, mizizi midogo itakatika. Kipimo ni rahisi: shika jani moja, vuta taratibu. Jani likichanika na mche usitikisike, umekaa. Mche ukinyanyuka, kuna nafasi ya hewa chini yake, upandwe upya.

Udhaifu mkubwa wa Pottiputki ni udongo wa mfinyanzi. Mdomo wake hautoi udongo, unausukuma pembeni, na mfinyanzi mbichi husuguliwa ukawa laini na mgumu kama ukuta wa chungu. Mizizi hushindwa kupenya, huzunguka ndani ya shimo, na mche hudumaa. Vilevile matope huganda mdomoni hata usifunge. Yatolewe kwa kijiti, kamwe si kwa vidole, maana springi yake haibembelezi. Penye mfinyanzi mzito, sururu au koleo ni bora, na kuta za shimo zikwaruzwe kabla ya kupanda. Hamilton Treeplanter, chombo kingine cha kupandia kutoka Australia, ina utaratibu tofauti: hutoa kipande cha udongo badala ya kukisukuma, kwa hiyo kuta hazibanwi sana. Penye mawe mengi, vyote viwili ni mateso.

Jambo ambalo shule nyingi hulitambua siku ya kupanda, wakati limeshaharibika, ni kwamba mrija hauli kila mche. Huuzwa kwa vipenyo mbalimbali, kama milimita 55, 63 na 75, na bonge lazima lipite bila kusukumwa. Miche ya kwenye viriba haipiti; hiyo ni ya jembe na koleo. Kwa hiyo uamuzi wa kutumia Pottiputki hufanyika miezi kadhaa kabla, siku ya kusia mbegu: tumia trei zenye vishimo virefu, vyenye mistari ya ndani inayoelekeza mizizi chini na tundu chini kabisa, na uziinue juu ya waya au mbao. Mzizi ukifika kwenye hewa hukauka ncha na kutoa matawi, badala ya kujizungusha. Trei ikikaa chini ardhini, mizizi hupenya hadi udongoni, na siku ya kuhamisha nusu yake hubaki pale.

Miti yenye mzizi mkuu mrefu na majani mapana haifurahii vishimo hivyo, na majani hukwama bombani. Lakini uoto wa asili si miti tu. Nyasi zinazoota kwa mafungu, maua ya porini na vichaka vya chini ndivyo vinavyopita vizuri kabisa, na hivyo ndivyo miradi ya shule huvisahau kwa kupenda miti. Nyasi zipandwe miche minne hadi sita kwa mita moja ya mraba, vichaka kila mita moja hadi moja na nusu, miti kila mita mbili au tatu. Mbegu zikusanywe kwenye uoto wa jirani unaofanana kwa udongo na unyevu, tena toka mimea mingi, si mmoja ulio karibu na lango.

Kwa mpangilio, mrija mmoja uhudumie wanafunzi wanne: wa bomba, wa kubeba trei, wa kushindilia, na wa kuweka matandazo yasiyogusa shina. Wabadilishane kila miche 20, la sivyo wa bomba haoni mzizi hata mmoja siku nzima. Walio chini ya miaka 12 hukosa uzito wa kuchoma mdomo. Wapewe sepetu ndogo. Trei zizamishwe kwenye ndoo hadi mapovu yaishe, kisha zikae kivulini. Bonge kavu likishaingia ardhini ni vigumu kulilowesha tena. Na upandaji usubiri udongo ulowe angalau sentimita 20 kwenda chini, mbali na likizo ndefu itakayoacha miche bila mtu wa kung'oa magugu.

Darasa la wanafunzi 30 litosheke na mirija minne au mitano, na wanaobaki wapewe koleo kwa ajili ya miche mikubwa. Kipenyo cha milimita 63 ndicho cha kuanza nacho, mradi uwe umepima bonge la trei zako kwa rula kwanza.