Seti ya feni ya umeme ya inchi 16 kwa V8 za zamani: unacholipia hasa ni kava

Gari likichemsha kwenye foleni, halafu geji ikashuka yenyewe barabara ikifunguka, ugonjwa ni hewa. Kuanzia kilomita 60 hivi kwa saa upepo wa mwendo unatosha kupoza rejeta nzima. Chini ya hapo kazi yote ni ya feni. Likichemsha kwenye mwendo kasi, kagua rejeta iliyoziba au hosi ya chini inayobonyea ikinyonywa na pampu, na seti hii usiinunue.

Inauzwa kwa majina mengi, lakini ukifungua boksi vitu ni vilevile: feni moja ya kuvuta ya inchi 16, kava la alumini (bati linaloshika feni na kufunika uso wa rejeta), rilei ya ampea 40 (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), swichi ya joto na waya. Inawalenga wenye magari ya Kimarekani ya V8 (injini ya silinda nane), kama Mustang, Camaro, Charger na wenzao wa miaka ya 1960 na 1970, ambao feni yao ya asili huzungushwa na injini. Injini ikishuka hadi mizunguko 700 kwa dakika, feni nayo inasinzia, wakati uleule inapohitajika. Ya umeme haijali mizunguko.

Namba ya hewa iliyoandikwa kwenye boksi, yaani kiasi ambacho feni inavuta, usiishangilie, kwa kuwa kwa kawaida hupimwa feni ikiwa wazi, bila rejeta mbele yake. Cha maana ni kava. Chukua rejeta ya sm 65 kwa 43: duara la inchi 16 halifiki hata nusu ya eneo hilo. Feni ikifungwa bila kava, zaidi ya nusu ya rejeta inakaa tu ikiwa moto. Kava la seti hii linafunika uso wote na kuacha nafasi kidogo kati ya mapanga na rejeta, ndivyo inavyotakiwa. Ukiona mwanga ukipita pembeni, bandika sponji, la sivyo feni itavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti badala ya ile ya mbele.

Angalia pia kama kava lina vile vizibo vya mpira vinavyofunguka kwa upepo. Seti za bei ya chini hazina, na kwenye mwendo kasi bati zima linageuka ukuta: umetibu foleni, umeleta ugonjwa wa barabara kuu. Na kabla ya kulipa, pima kutoka uso wa rejeta hadi ncha ya waterpampu. Kava na mota kwa pamoja vinataka karibu sm 10, na magari mengine hayana.

Zile kamba za plastiki za kupenyeza katikati ya rejeta, tupa. Mtikisiko unazisugua kwenye vijibomba mpaka vinatoboka. Tengeneza vishikio vya bati vikae kwenye fremu ya pembeni.

Upande wa umeme ndio dhaifu zaidi. Feni ya ukubwa huu inakula ampea 25 hivi ikizunguka, na zaidi kwa sekunde ile ya kuwaka. Waya uliomo ni mwembamba. Weka wa milimita 6 za mraba na fyuzi ya ampea 40 karibu na betri. Kwenye rilei, pini ya 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye feni, 86 inachukua umeme wa swichi ya ufunguo, na 85 inapata athi kupitia swichi ya joto. Tatizo kubwa ni alteneta. Nyingi za miaka ile zilitoka kiwandani na ampea 40 hadi 60, tena injini ikiwa na mizunguko ya juu. Gari likisimama unapata sehemu ndogo tu ya hizo, volti zinashuka, feni inapunguza kasi, unachemsha tena. Hesabu alteneta ya ampea 100 inayochaji vizuri kwenye mizunguko ya chini kuwa sehemu ya bei.

Swichi ya kuchomeka kati ya mapezi ya rejeta haina uaminifu. Tafuta ya kufunga kwa nati kwenye maji ya injini, iwashe kwenye nyuzi 93 za Selsiasi na kuzima kwenye 85, pamoja na thermostati (valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) ya 82. Ikiwa feni inawaka chini ya joto la thermostati, haitazima kamwe.

Ukimaliza, washa feni na uweke karatasi mbele ya rejeta: ing'ang'anie. Ikisukumwa, nyaya za mota zimegeuzwa.

Karatasi ikiganda na bado unachemsha, rudi kwenye taimingi, yaani wakati cheche inapopigwa. Cheche ikichelewa, moto unaendelea kuwaka valvu ya kutolea moshi ikifunguka, na joto jingi linaishia kwenye silinda hedi. Hosi ya vakyumu ya distribyuta, ile inayowahisha cheche, ikihamishiwa kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, mara nyingi geji inashuka gari likiwa limesimama.

Na kama feni yako ya asili bado ipo ila kava limepotea au klachi yake imevuja mafuta, anza na hivyo viwili. Panga mapanga yakae nusu ndani ya kava, nusu nje, na pengo la ncha lisizidi sm 2.5. Ni nafuu kuliko seti hii, na alteneta huigusi.