Kulisaka jina katika ombi la 1893: tathmini ya kanzidata na maonyesho ya kura ya wanawake New Zealand

Tarehe 19 Septemba 1893 gavana wa New Zealand, Lord Glasgow, alitia saini Sheria ya Uchaguzi, na nchi hiyo ikawa ya kwanza miongoni mwa nchi zinazojitawala kuwapa wanawake haki ya kuchagua wabunge. Siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kwa hotuba, mikutano na maua. Kwa maoni yetu, kati ya yote yaliyotengenezwa kuitunza kumbukumbu hiyo, kinachostahili sifa kubwa zaidi ni huduma ya bure ya mtandaoni: kanzidata ya majina ya waliotia sahihi ombi kubwa la 1893 la kulitaka Bunge liwape wanawake kura, iliyomo katika tovuti ya NZHistory. Sanamu humkumbuka kiongozi; kanzidata hii inamkumbuka mfuaji nguo, mshonaji na mke wa mkulima, kila mmoja kwa jina lake. Ina mitego, na asiyeijua huishia kumhukumu nyanya yake bila haki.

Kwanza ieleweke kinachotafutwa ni nini. Karatasi za ombi zilisambazwa nchi nzima, zikapelekwa mlango kwa mlango na wanachama wa chama cha wanawake Wakristo waliopinga ulevi pamoja na vyama vya kudai kura. Zilipojaa zilirudi Christchurch kwa Kate Sheppard, kiongozi wa harakati za kudai kura. Yeye alizigandisha kwa gundi moja baada ya nyingine, zaidi ya karatasi 500, hadi zikawa utepe wa karibu mita 270, kisha akauviringisha kwenye kipande cha mpini wa ufagio. Mbunge John Hall alipoliwasilisha ombi aliuachia utepe ufunguke katikati ya ukumbi wa Bunge mpaka mpini ukagonga ukuta wa upande wa pili. Mwaka huo yalipelekwa pia maombi mengine 12 madogo, na jumla ya sahihi zote ilikaribia 32,000. Hilo kubwa pekee ndilo lililosalia, na ndilo pekee lililomo katika kanzidata.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Jina likikosekana, maana yake ni kwamba halimo katika karatasi zilizosalia, basi. Huenda mwanamke huyo alitia sahihi moja ya yale 12 yaliyopotea. Huenda hakuwa ametimiza miaka 21 iliyotakiwa. Huenda karatasi haikufika kijijini kwake, maana ombi lilizunguka kwa miguu, farasi na posta. Waliotia sahihi ni takriban robo ya wanawake watu wazima wenye asili ya Ulaya, na robo hiyo ni ushindi mkubwa kwa kazi ya kujitolea. Lakini inamaanisha pia kwamba wengi waliounga mkono hawamo. Kusema “hayumo, basi alipinga” ni kosa.

Namna ya kutafuta. Anza na jina la ukoo peke yake, na visanduku vingine uviache wazi. Wengi hujaza jina la ukoo, majina yote mawili ya kwanza na kitongoji kwa mkupuo, wakapata jibu tupu, wakakata tamaa. Kila kisanduku unachojaza ni mlango unaoufunga. Jina la ukoo likileta watu wengi mno, kama Smith au Brown, hapo ndipo uongeze mji au mkoa. Jina la kwanza liwe la mwisho, kwa sababu ndilo linalobadilika zaidi. Elizabeth huweza kuwa Eliza, Lizzie au herufi E tu. Margaret huwa Maggie. Na wako waliojiandika kwa jina la mume, yaani Mrs kisha jina lake lote, kwa hiyo jaribu pia jina la kwanza la mume au herufi yake.

Halafu kuna tahajia. Majina yalisomwa kutoka kwenye mwandiko wa wino wa karne ya 19, na mwandiko huo una tabia zake. Herufi kubwa L, S na T huchanganywa. Vivyo hivyo I na J. Herufi mbili za s zilizofuatana mara nyingi ziliandikwa kwa umbo refu linalofanana na f, hivyo Ross huweza kusomwa Rofs. Herufi u na n hazitofautiani kwa mwandiko wa haraka. Jaribu Mc na Mac, ikiwa na nafasi katikati na bila nafasi. Thomson na Thompson. Clark na Clarke. O'Brien na Obrien. Ukiona picha ya karatasi yenyewe, iamini kuliko kilichochapwa, kisha linganisha herufi yenye shaka na herufi hiyohiyo katika mstari mwingine wa mwandishi yuleyule.

Msaada mkubwa zaidi ni namba ya karatasi, na inasikitisha kwamba watu huipita bila kuiangalia. Kwa kuwa karatasi moja ilizungushwa na mtu mmoja katika mtaa mmoja, majina yaliyo pamoja ni ya majirani: mama na binti, dada wawili walioolewa nyumba zinazofuatana, mwajiri na mtumishi wake. Ukimpata jirani unayemjua kutoka kumbukumbu za familia, soma karatasi yake yote kabla ya kurudi kwenye utafutaji. Majina yaliyosomwa vibaya hupatikana kwa njia hii kuliko kwa kubahatisha tahajia.

Anwani ziwekee mashaka. Wengine waliandika mtaa, wengine kijiji, wengine mji tu. Mipaka ya vitongoji imehama tangu wakati huo, kwa hiyo tafuta kwa mkoa kwanza, ukaribie polepole.

Ukishapata jina, kazi haijaisha, kwa sababu Mary Wilson wako wengi. Ushahidi wa pili ni daftari la wapiga kura la 1893. Baada ya sheria kutiwa saini zilibaki wiki chache tu kabla ya daftari kufungwa, na bado wanawake 109,461 walijiandikisha. 90,290 kati yao walipiga kura tarehe 28 Novemba. Daftari hutoa jina kamili, makazi na kazi, na wanawake wengi waliandikwa kazi za nyumbani. Jina, makazi na jina la mume vikikubaliana na ombi, una mtu wako. Lakini daftari huthibitisha kujiandikisha tu. Halithibitishi kwamba alifika kituoni. Cheti cha ndoa ni msaada wa tatu: kumbukumbu za ndoa za zaidi ya miaka 80 iliyopita hutafutwa bure katika tovuti ya serikali ya vizazi, vifo na ndoa, na ukiilipia nakala utapata maelezo mengi zaidi. Mwanamke aliyeolewa 1894 atakuwa kwenye ombi kwa jina la babake. Wengi hukwama hapo. Papers Past, hifadhi ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Taifa, nayo ni ya bure, na humo utapata ripoti za mikutano ya kudai kura mji kwa mji.

Kuna pengo moja ambalo hakuna ustadi wa kutafuta utakaoliziba. Wanawake wa Kimaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walipata kura kwa sheria hiyohiyo, wakapiga kura katika majimbo ya Kimaori tarehe 20 Desemba 1893, lakini majimbo hayo hayakuwa na daftari wakati ule, na katika ombi ni wachache mno. Mapambano yao yalipitia pia mahali pengine: tarehe 18 Mei 1893 Meri Te Tai Mangakāhia alilihutubia bunge la Kimaori la Kotahitanga huko Waipatu, akidai wanawake wapewe haki ya kuchagua na pia ya kuchaguliwa. Dai lake lilitangulia sheria ya nchi kwa mbali, kwani haki ya kugombea ubunge ilikuja 1919, na mbunge mwanamke wa kwanza, Elizabeth McCombs, alichaguliwa 1933. Anayefundisha historia hii kwa kanzidata peke yake anafundisha nusu yake.

Ombi lenyewe limo katika onyesho la He Tohu, Maktaba ya Taifa, barabara ya Molesworth, Wellington. Kiingilio ni bure. Lilifunguliwa 2017, na humo ombi limewekwa pamoja na tamko la uhuru la 1835, He Whakaputanga, na Mkataba wa Waitangi wa 1840. Uamuzi wa kuziweka hati hizi tatu chumba kimoja tunauunga mkono kwa moyo wote: karatasi zilizosainiwa na wake wa mafundi zimepewa heshima sawa na mikataba ya machifu na Dola. Chumba kina mwanga hafifu, na mgeni anayeingia kutoka juani haoni vizuri kwa dakika chache. Usilalamike, wino na karatasi hufifia kwa mwanga na uharibifu wake haurekebishiki. Subiri macho yazoee, kisha usogee. Kinachovunja moyo wengine ni kwamba mviringo hauwezi kufunguliwa wote. Unaona sehemu yake tu, hivyo usiende ukitarajia kuiona karatasi ya familia yako. Itazame nyumbani kwenye kioo cha kompyuta, kisha nenda ukaone unene wa mviringo: hapo ndipo mita 270 zinapoingia akilini.

Ukiwa Wellington, tembea mpaka majengo ya Bunge, si mbali. Muswada ulipita katika baraza la juu kwa kura 20 dhidi ya 18 tarehe 8 Septemba 1893, na hata hizo 20 zilitokana kwa sehemu na kosa la adui. Waziri Mkuu Richard Seddon, aliyeipinga kura ya wanawake, alimshinikiza mjumbe mmoja abadili kura yake apinge, na wajumbe wawili waliokuwa wakipinga wakakasirishwa na hila hiyo, wakaunga mkono.

Christchurch ina kumbukumbu ya kitaifa ya Kate Sheppard, kando ya mto Avon kwenye Oxford Terrace, kazi ya shaba ya mchongaji Margriet Windhausen iliyozinduliwa katika maadhimisho ya miaka 100, tarehe 19 Septemba 1993. Uzuri wake ni kwamba Sheppard hayuko peke yake: wapo Helen Nicol, Ada Wells, Harriet Morison, Amey Daldy na Meri Te Tai Mangakāhia, wakipeleka ombi Bungeni. Ni kazi nzuri, yenye haki kuliko sanamu nyingi za viongozi. Lakini mgeni asiyejua habari ya ombi ataona wanawake wenye nguo ndefu, aondoke. Soma kwanza, nenda baadaye. Nyumba ya Sheppard iko 83 Clyde Road, kitongoji cha Ilam. Serikali iliinunua 2019 na sasa hupokea wageni. Kwa kuwa gundi ya ombi ilipakwa humo, tungeiweka mbele ya sanamu kwa mwenye nafasi ya kwenda mahali pamoja tu.

Wanaohudhuria maadhimisho ya Septemba huvaa au kuweka kamelia nyeupe, ua walilopewa wabunge walioiunga mkono kura ya wanawake, na ndilo lililo kwenye noti ya dola 10 pamoja na picha ya Sheppard. Ua hili ni gumu kulitumia. Petali zake hugeuka kahawia zinapoguswa au kunyeshewa. Chuma asubuhi ileile ua lililofunguka nusu, shika kikonyo tu, acha majani mawili kulilinda, libebe ndani ya sanduku lenye karatasi yenye unyevu. Lililochumwa jana yake limeshaharibika kabla hotuba hazijaanza.

Kanzidata hupokea pia wasifu kutoka kwa vizazi vya waliotia sahihi, na huko ndiko inakozidi kukua. Andika majina yote aliyotumia, ya kuzaliwa na ya ndoa, tarehe na mahali pa kuzaliwa, kuolewa na kufa, alikoishi 1893, kazi yake, na namba ya karatasi. Tenganisha kinachothibitishwa na cheti na kinachosimuliwa na familia, na majina ya ndugu walio hai yaache nje.