Super Ténéré ya 2011: Pikipiki Isiyo na Cheni kwa Mtu wa Pwani

Assalaam aleikum ndugu zangu, karibuni tena. Niko Mama Ngina hapa Mombasa na upepo leo haushikiki, lakini maikrofoni mpya imefika, mtanisikia vizuri. Asanteni mliochangia.

Haya, usiguse simu. Huyu hapa nyuma yangu ni Yamaha Super Ténéré, XT1200Z, ya mwaka 2011. Ni ya mzee mmoja wa Nyali, kanipa funguo mpaka magharibi, na anaiuza. Bei nitaitaja, ngojeni kidogo.

Injini sitaizungumza sana, mnaijua: silinda mbili, cc 1199, nguvu za farasi 110 hivi. Ilitoka 2010, na masharti ya moshi ya Euro 5 yalipofika Ulaya ikaondolewa sokoni kule. Kwa hiyo tunazungumzia pikipiki ya umri, siyo mpya. Na mimi nawaambia, kwa safari ndefu kutoka mji huu wetu, naitaka hii kuliko nyingi za juzi. Sababu ni moja. Njoo na kamera huku nyuma. Sogea. Sogea zaidi. Hapo.

Unaona cheni? Hakuna cheni! Ni shafti. Chuma kinazunguka ndani ya mkono huu ulioshika gurudumu, kinaishia kwenye hiki kibuyu cha gia, na kila kitu kimefungwa humo ndani na oili yake. Nimeisimamisha kwa stendi ya kati, gia iko huru, sasa nalizungusha gurudumu. Sikiliza. Laini kabisa, halikwaruzi mahali.

Sasa geuza kamera kwa hii ya jirani. Hii ni ya kijana anayenisaidia kurekodi, ina cheni, na kaipaka grisi juzi tu. Napitisha kidole. Tazama kidole changu! Mchanga, vumbi, grisi, vyote vimekuwa uji mweusi. Uji huo ndio unaokula meno ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Na hapa kwenye viungo, leta karibu, kutu imeshaanza. Siyo uvivu wake maskini, anaitunza. Ni chumvi ya bahari hii, inaingia kila mahali. Ukipita vumbi la Kinango na cheni, jioni umechoka, mgongo unauma, halafu uchutame tena uisafishe, uipake, uangalie kama imelegea. Mwenye shafti anafunga pikipiki anakwenda kutafuta viazi karai.

Lakini usiinunue kwa sababu nimeisifu. Shafti iliyotumika miaka yote hii ina mambo yake, na ukiikuta imekufa utalia. Kwanza, shika tairi juu na chini, tikisa hivi. Ikicheza kwa kugonga, beringi zina maneno. Hii haichezi. Pili, tazama mpira huu unaofunika kiungo huku mbele. Ukiwa umepasuka, maji na chumvi vimeshaingia. Tatu, mwambie fundi amwage oili ya kibuyu mbele yako. Ni kidogo tu, haifiki robo lita. Imwagwe kwenye kitambaa cheupe. Nyeusi si tatizo. Ikija nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikija na chenga za chuma, mshukuru mwenye pikipiki, uage. Na la nne, hili watu hulisahau: uliza lini meno ya shafti yalipakwa grisi. Shafti haidai grisi kila wiki, ndiyo maana husahauliwa miaka, na hapa pwani meno hayo hushika kutu kimya kimya. Mzee wa Nyali ana risiti, nimeiona.

Najua mtakachoandika. "BMW je?" Ni kweli, BMW walitia shafti kwenye R80 G/S tangu 1980, heshima yao naipa yote. R1200GS ni pikipiki nzuri sana. Tena hata tairi zao zinalingana na hii, ile GS inayopozwa kwa hewa: mbele inchi 19, nyuma inchi 17, upana ule ule. Ukikosa tairi, muulize mwenye GS ananunua wapi. KTM 1190 na Africa Twin ya Honda, ile ya cc 1000, ni za cheni. Africa Twin mchangani itaiacha hii, ina gurudumu la mbele la inchi 21 na ni nyepesi. Hilo silibishi.

Uzito sasa. Kilo 261 tangi likiwa limejaa. Nzito! Ukiilaza kwenye mchanga peke yako, shusha mizigo yote kwanza, ndipo uinyanyue. Kama safari zako ni za vichochoro vya mchanga, achana nayo. Tena breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu lisijifunge, hazina swichi ya kuzizima, na kwenye kokoto wengine hawalipendi hilo. Mimi mwenyewe silipendi. Ila barabara ya Nairobi ni habari nyingine. Lori la kontena linapokupita pale Maungu, ule upepo wake hutikisa pikipiki ndogo. Hii inainama kidogo, inaendelea. Kwa hiyo uzito... kwa mtu wa lami nausamehe. Hata naupenda.

Mafuta: tangi lita 23. Ukienda kwa adabu, lita 5 na nusu kwa kilomita 100, unapata kilomita 400 na ushei. Nairobi ni kama 480, basi unajaza mara moja tu njiani, Mtito Andei panatosha. Na rimu zake ni za spoki lakini hazitaki tyubu, maana spoki hazitoboi rimu mpaka ndani kwenye hewa ya tairi. Pancha unaiziba pale pale bila kung'oa gurudumu.

Bei. Mzee anataka shilingi milioni moja na laki mbili. Mimi nasema laki tisa na nusu. Imepita kilomita 40,000, ambapo vali hutakiwa kupimwa, na risiti ya hiyo kazi hana. Tairi ya nyuma pia imekwisha. Modeli za 2014 kuendelea zina kidhibiti mwendo na kioo cha kukinga upepo unachopandisha kwa mkono bila spana. Hii haina. Basi apunguze. Akikubali milioni kamili na vali zipimwe kwanza kwa gharama yake, chukua, na uhamisho wa jina ufanyike NTSA, mamlaka ya usafiri, kwa mtandao wa eCitizen kabla hujatoa hela yote.

Ijumaa baada ya Isha niko mubashara, tutazungumza kuvuka Lunga Lunga kwenda Tanga kwa pikipiki: karatasi gani, na ile bima ya COMESA, Yellow Card, unaitafuta lini. Maswali yaacheni hapo chini. Mwenye picha ya oili ya kibuyu chake aitume, tuiangalie pamoja.