Skrubu nane kwenye kifundo cha mguu: uzoefu wangu tangu 2022

Kama wewe au mtu wako ameambiwa atawekewa vyuma na mmebaki na maswali, nisome mpaka mwisho, hasa pale ninapoeleza habari ya kuvitoa. Hapo ndipo nilipoumia zaidi, na ilikuwa inaepukika.

Aprili 2022, masika yameshika, nilishuka daladala Dar es Salaam nikakanyaga ukingo wa mtaro uliofunikwa na maji. Mguu wa kulia ukapinda, mwili ukaenda upande wake. Mlio niliousikia mpaka leo ninaukumbuka. Mama alitaka nipelekwe kwa mzee anayeunga mifupa kule kwetu, na mzee huyo ninamheshimu, amewaunga watu mikono ikapona vizuri. Lakini daktari bingwa wa mifupa aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga akamwonyesha mama mwenyewe: mfupa mwembamba wa nje umekatika, nundu la ndani limemeguka, na ile mifupa miwili ya muundi imeachana. "Mama, hapa ni kwenye kiungo. Vipande vikiunga vimepishana hata milimita moja mbili, mwanao mwalimu atachechemea kila siku na gegedu litasagika." Mama akakubali.

Nilichagua titani kwa upande wa nje badala ya chuma kisichoshika kutu. Titani ilikuwa ghali zaidi. Kwa kweli vyote viwili vinafanya kazi, na sidhani kama mfupa wangu ungejua tofauti. Ila chuma cha kawaida cha hospitali kina nikeli ndani yake, na mimi hereni za bei rahisi huniwasha masikio, kwa hiyo nilimweleza dokta na tukakubaliana. Kama ngozi yako ina tabia hiyo, sema kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Nilichomwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo nilisikia kila kitu: drili, nyundo ndogo, daktari akiita vipimo. Baadaye nilimwomba anieleze, naye hakunichoka. Upande wa nje nilipewa pleti, yaani bamba lenye matundu, na skrubu za milimita 3.5. Kila moja hutobolewa tundu la milimita 2.5 kwanza, kisha kina cha tundu hupimwa kwa kijiti chenye ndoano ili skrubu isiwe fupi ikakosa ukuta wa pili wa mfupa, wala ndefu ikachoma nyama. Tano zilishika pleti. Ya sita ilipita kwenye tundu la pleti ikavuka mpaka mfupa mkubwa, ili ile mifupa miwili isiachane wakati kano zinapona.

Upande wa ndani ziliingia mbili za milimita 4, zenye meno nusu tu ya mwisho. Hizo ndizo zilizonishangaza. Mjomba wangu ni seremala, na nilipomweleza alielewa kabla sijamaliza: sehemu laini ya skrubu hupita kwenye kipande kilichomeguka bila kukishika, meno hung'ata mfupa mzima ulio mbele, na unapokaza, kichwa hukivuta kipande kikabana. Meno yakibaki kwenye mstari wa ufa, vipande havikutani. Mbao mbili huungwa hivyo hivyo.

Sasa jambo ambalo wengi wodini hatukulijua. Skrubu haiungi mfupa. Inaushikilia tu mpaka mfupa ujiunge wenyewe. Ukiukanyagia kabla ya wakati, chuma huchoka kama waya unaokunjwa huku na huku, kisha hukatika. Jirani yangu wa kitanda, kijana wa bodaboda aliyetolewa antena (vile vyuma vinavyoshikilia mfupa kwa nje) na kuwekewa pleti, alirudi na pleti iliyovunjika kwa sababu alianza kazi mapema. Ana familia, namwelewa. Mimi nilikaa wiki sita kwenye magongo bila kuweka mguu chini, halafu mazoezi tiba, ambayo yaliuma kuliko upasuaji. Wiki ya kumi na mbili ile skrubu ndefu ilitolewa palepale kwa ganzi ya kidonda tu, dakika chache. Kazi yao yote hadi hapo naisifu.

Tatizo lilikuja Novemba 2023. Nilikuwa nimehamishiwa shule ya mkoa mwingine, kiatu kinasugua pleti, na Julai nilipokwenda Lushoto baridi ilinifanya nisilale. Nikaenda hospitali ya huko nilikohamia kuitoa. Walinipasua, wakakuta vichwa vya skrubu vina tundu la umbo la nyota, na bisibisi zao zilikuwa za pembe sita. Wakanishona bila kutoa hata moja.

Nililia. Nilipopiga simu kule nilikowekewa, faili langu lilikuwa na maneno matatu tu: pleti na skrubu. Hakuna kampuni, hakuna aina ya kichwa, hakuna kitu. Skrubu nyingi za kawaida hufuata vipimo vya wale madaktari wa Uswisi walioanzisha AO, kundi la kuendeleza uungaji wa mifupa kwa vyuma, mwaka 1958, ndiyo maana bisibisi moja huweza kutoshea bidhaa za viwanda tofauti, na ndicho hospitali ya pili walichotegemea. Lakini vichwa vya nyota vinahitaji bisibisi yake, na ukilazimisha nyingine tundu linalika, skrubu inakuwa haitoki tena kirahisi. Kwa hilo siwalaumu walioamua kufunga. Walitafuta bisibisi, nikarudi baada ya wiki tano, nikapasuliwa mara ya pili.

Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa, omba uandikiwe: metali gani, kampuni gani, vipimo, na umbo la kichwa cha skrubu. Pakiti nyingi za vifaa hivi huja na vibandiko vyenye taarifa hizo. Mwombe sista kimoja kibandikwe kwenye kadi yako. Omba na nakala ya eksirei. Na usisubiri kuulizwa, maana mimi hakuna aliyeniuliza.

Baada ya kutolewa nilikatazwa kukimbia kwa miezi kadhaa, kwa kuwa matundu hudhoofisha mfupa mpaka yajae. Sasa natembea kilomita tatu hadi shuleni na kiatu chochote navaa. Zile mbili za ndani zimebaki. Hazinisumbui, na daktari haoni sababu ya kuzigusa. Taarifa zake ninazo kwenye simu, na nakala anayo mdogo wangu.