King'oleo cha magugu cha kukanyaga: maoni baada ya msimu mmoja

Natunza nyasi za bustani ya umma, na kwa miaka mingi jibu langu kwa kila gugu lilikuwa pampu ya dawa mgongoni. Mwaka huu nimeitua. Nimeshika king'oleo cha mpini mrefu, chenye meno manne na kikanyagio.

Unalenga katikati ya gugu, unakanyaga, unalaza mpini nyuma. Gugu linatoka na mzizi wake mzima, mrefu kama karoti nyembamba. Kiuno hakijui kilichotokea. Kwa magugu ya mzizi mmoja, nakipa alama zote.

Ila udongo uwe na unyevu. Nilikilazimisha wakati wa ukavu, mzizi ukakatikia chini, na baada ya muda gugu likachipua tena palepale. Na ndago? Usijisumbue. Majani yanakuja, vile viazi vyake vidogo vinabaki ardhini vikikucheka.

Kweli, kifaa peke yake kisingetosha. Mashine ya kukatia nimeipandisha hadi sentimita 8 hivi, nyasi zitie kivuli, mbegu za magugu zikose mwanga. Majani yaliyokatwa nayaacha hapohapo yarudishe naitrojeni. Ufaransa ilizuia taasisi za umma kutumia dawa nyingi za kemikali kwenye bustani za wananchi tangu 2017, kwa hiyo sijabuni jambo jipya.

Kasoro ya mwisho: nati ya kikanyagio hulegea. Naikaza kila Jumatatu, kabla sijaanza kazi.