Riwaya za zamani za kisayansi, zamu ya usiku Moshi: zipi zinasimulika

Gesti ninayofanya kazi hapa Moshi ina kabati la vitabu pembeni ya kaunta. Zamani lilikuwa la viatu. Wageni wanaoshuka mlimani wanafika hoi, mabegi yamejaa, asubuhi ya kuondoka wanaanza kupunguza mzigo: soksi na jaketi anaachiwa mpagazi, kitabu kinaachwa kwetu. Mwaka baada ya mwaka kabati likajaa, viatu vikahamia chini ya ngazi.

Vya mapenzi na vya upelelezi huwa vinaazimwa na kupotea. Vinavyobaki ni riwaya za kubuni za kisayansi za zamani. Majalada yana roketi na watu waliovaa kama mafundi wa gesi, kurasa zimegeuka rangi ya chai, maandishi madogo kama karatasi ya maelezo ndani ya boksi la dawa. Ndizo nilizosoma mwaka mzima uliopita, nyingine mbili tatu nikajiongezea Memorial kwenye mitumba, ambako kitabu unaweza kukipata kwa elfu mbili kama muuzaji hajakuona unakitamani.

Mimi si msomi wa fasihi. Nasoma kwa sababu zamu ya usiku ni ndefu na bando linaisha. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja tu: je, kinasimulika? Saa nane usiku mlinzi wetu wa getini, mzee wa Kimasai ambaye sote tunamwita Babu, huja kaunta kuchukua chai yake ya rangi. Kiingereza hasomi. Namsimulia nilipofikia. Kitabu kikimfanya asimame na kikombe mpaka chai ipoe, kimefaulu. Akisema "haya mwanangu, ngoja nizunguke nyuma", kimefeli, hata kama jalada lina mihuri ya tuzo.

Kilichofaulu kuliko vyote sikukitegemea. Dune, cha Frank Herbert, cha mwaka 1965. Wachapishaji zaidi ya 20 walikikataa, mwishowe kikatolewa na kampuni iliyozoeleka kwa vitabu vya ufundi wa magari. Nilipokishika nikaelewa kwa nini: ni kinene, na mwishoni kina kamusi nzima ya maneno ya kubuni. Ila kamusi yenyewe msomaji wa Kiswahili haihitaji sana. Watu wa jangwani wanamwita kijana Paul kwa jina la Lisan al-Gaib, na Mmarekani inabidi afunue nyuma kutafuta maana. Mimi lisani naijua, ghaibu naijua. Mahdi na jihadi ndiyo usiseme.

Halafu kuna tukio la mate. Sayari yenyewe haina maji, tone moja ni mali. Kiongozi wa watu wa jangwani, Stilgar, anaingia kwenye kikao cha mtawala mgeni, anainama, anatema mate mezani. Watu wa mtawala mle ndani karibu wachomoe silaha. Mmoja wao tu, aliyekwisha kuishi na watu wale, ndiye anayeelewa na kumshukuru kwa zawadi ya maji ya mwili wake. Mwandishi alitaka tushtuke. Usiku huo nikamuuliza Babu:

"Babu, mtu akija akatema mate mezani kwako, utafanya nini?"

"Mzee au kijana?"

"Mzee. Kiongozi."

"Si amenibariki?" Akaniangalia kama mimi ndiye mwenye matatizo. "Kijana akitema, hapo natafuta fimbo."

Nikamweleza kwamba kule maji hakuna kabisa. Akaweka kikombe. "Basi huyo alitoa kikubwa. Sisi tunatema na maji tunayo." Kurasa zaidi ya mia tano nilizimaliza kwa wiki sita, na kila usiku alikuwa anafika kaunta kabla sijamwita. Kasoro zake: mwanzo unajivuta, kila mtu anawaza kwa maandishi ya mlalo mpaka unachoka na mawazo yao, na ubaya wa Baron Harkonnen, adui mkuu wa kitabu, umewekwa kwenye unene wake, kana kwamba kitambi ni dhambi. Kwa kipimo hicho nusu ya kamati za harusi za hapa mjini zingekuwa hatarini.

Nikishagusa kamati ya harusi, nimalizane na Foundation cha Isaac Asimov. Kimetoka 1951, kimeunganishwa kutokana na hadithi za magazetini za miaka ya 1940. Wazo lake ni zuri kupita kiasi: mtaalamu wa hesabu, Hari Seldon, anapiga mahesabu na kuona dola la anga lenye miaka 12,000 litaanguka, giza litadumu miaka 30,000, ila akiwahi kupanda mbegu mahali pake giza litapungua liwe miaka 1,000. Lakini kinachofuata ni wanaume wamekaa chumbani, sigara mkononi, wanajadili. Halafu miaka inapita, wanaume wengine, chumba kingine, wanajadili. Kamati ya harusi ya miaka elfu, tena bi harusi haonekani. Wanawake kitabu kizima unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki. Babu alizunguka nyuma siku ya pili tu. Wanaokipenda wanakipenda sana, na mimi nasema ukisome kama unapenda siasa za vikao.

Sasa hiki kingine kimeniudhi na sijakitupa. Five Weeks in a Balloon cha Jules Verne, Mfaransa, 1863. Waingereza watatu, Daktari Fergusson, rafiki yake mwindaji Kennedy na mtumishi wao Joe, wanapaa kwa puto kutoka Zanzibar mwaka 1862 ili wavuke Afrika hadi Senegal. Unasoma kitabu cha miaka zaidi ya 160 na wanapita juu ya Uzaramo, juu ya milima ya Rubeho, wanashuka Kaze, ndiyo Tabora ya leo! Nilijikuta nachora njia nyuma ya kitabu cha risiti. Kennedy akashikwa na homa njiani, na dawa ya daktari ikawa kulipandisha puto juu zaidi kwenye hewa safi. Homa ikatoka. Babu alicheka mpaka rungu likamponyoka: "Basi watu wa Machame huko juu mlimani wangekuwa hawaumwi." Kaze nako watu wakadhani puto ni mwezi, na wale watatu ni wana wa mwezi, wakapokelewa kifalme mpaka usiku mwezi wenyewe ulipochomoza. Ikawa ni kukimbia. Sehemu hiyo Babu alitaka nirudie.

Kisha nikafika kwenye nyani. Puto limefungwa kwenye mti, nyani wanavamia, na Kennedy na Joe kwa mbali wanadhani ni wenyeji wanamshambulia daktari. Walipogundua ni nyani wanataniana kwamba kwa mbali tofauti si kubwa, na Joe anaongeza kwamba hata kwa karibu. Nilikuwa nasimulia huku nasoma, nikanyamaza.

"Kisha?" Babu akauliza.

"Nyani wakakimbia," nikasema.

Kwa hiyo ukimpa mtoto kitabu hiki, msome naye. Wengine watasema ndivyo watu wa zama zile walivyoandika. H. G. Wells, Mwingereza, hakuwa mbali sana na zama hizo, na The War of the Worlds, 1898, inaanza kwa kuwaambia Waingereza wenzake: msiwalaumu sana viumbe wa Mirihi, kumbukeni Watasmania waliofagiliwa na Wazungu kwa miaka 50 tu. Miaka miwili baada ya kitabu hicho kutoka, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Kichaga, pale Old Moshi. Mimi nimekulia kwenye hadithi hiyo, kwa hiyo mashine za miguu mitatu zinazochoma vijiji kwa mwali wa joto sikuziona kama ndoto. Mwisho wake, wavamizi wanauawa na vijidudu visivyoonekana, baada ya mizinga kushindwa. Babu akasema mbu nao walijitahidi huku kwetu, ila hawakutosha. Kitabu chenyewe ni kifupi, na kwa kuwa hiki na cha Verne muda wa hakimiliki umeisha, vinapatikana bure kwenye Project Gutenberg. Usidanganywe ununue.

Fahrenheit 451 cha Ray Bradbury, 1953, nilikisoma kwa usiku mbili. Kazi ya zimamoto ni kuchoma vitabu. Inajulikana kwamba rasimu yake aliipiga kwenye taipureta za kukodi chini ya maktaba ya chuo huko Los Angeles, senti 10 kwa nusu saa, na mimi niliyeandika barua za kuomba kazi nikiangalia saa ya intaneti kafe namwelewa kwa nini kitabu kinakimbia vile. Mke wa zimamoto ana televisheni kuta tatu za sebule na anadai ya nne. Usiku analala na vijiredio vidogo masikioni. Siku hiyohiyo mgeni alisimama mbele yangu dakika nzima, vitu vyeupe masikioni, namwambia funguo hii hapa, hanisikii.

Cha moyo wangu ni The Left Hand of Darkness cha Ursula K. Le Guin, 1969. Mjumbe Genly Ai, mtu mweusi, anatumwa peke yake kwenye sayari ya barafu ambako watu hawana jinsia ya kudumu. Kwa siku chache kila mwezi mtu anaweza kuwa wa kiume au wa kike, kisha inapita. Mfalme anaweza kubeba mimba, na anabeba. Kiingereza kilimbana mwandishi: lazima aseme "he" au "she". Akachagua "he", na wasomaji wengi wakalalamika kwamba wanaona wanaume watupu, mpaka mwenyewe akaja kuliandikia suala hilo baadaye. Hata mimi kwenye kurasa nilimwona Estraven, mwanasiasa anayemsaidia Genly, kama mbunge mwenye suti.

Nilipofungua mdomo kumsimulia Babu, mbunge akatoweka. Estraven amekuja. Ameketi. Amemficha mgeni wake. "A" tu, hakuna la zaidi, na sikulazimika kuchagua chochote. Ilichukua usiku tatu ndipo Babu akauliza:

"Huyu Estraven ni mwanamume au mwanamke?"

"Inategemea tarehe, Babu."

Akanywa chai. "Na ng'ombe anarithi nani?"

Swali hilo sijaliona kwenye uchambuzi wowote nyuma ya jalada, na kitabu kina jibu: ukoo unafuata aliyebeba mimba. Nikamwambia. Akakaa kimya muda mrefu, akasema hiyo itapunguza kesi.

Kuelekea mwisho Genly na Estraven wanavuka barafu kwa miguu, zaidi ya kilomita elfu, wakiburuta mzigo. Hapo nilimwita kaka yangu, mpagazi, alikuwa mapumziko. Nikamsomea wanavyopima chakula cha kila siku, wanavyokausha nguo ndani ya hema, wanavyogombana kwa sababu ya uchovu kisha wanaombana radhi. Kaka yangu, ambaye mzigo wake unawekwa kwenye mizani getini usizidi kilo 20, akasema mama huyu aliyeandika amewahi kubeba mizigo. Nikamwambia hapana, alikuwa msomaji sugu wa habari za wale waliokwenda Ncha ya Kusini. Hakuamini. Bado anasema amebeba.

Kuna mgeni pia alituachia Chaga cha Ian McDonald, 1995. Si cha zamani sana, ila nisingekiruka: kitu kutoka angani kinaangukia Kilimanjaro na msitu wa ajabu unaanza kusambaa kutoka mlimani, ukapewa jina letu. Nikakaa vizuri kwenye kiti. Kumbe mhusika mkuu ni mwandishi wa habari kutoka Ireland ya Kaskazini, na makazi yake ni Nairobi. Hata viumbe wa angani wakituangukia sisi, habari inatangazwa Kenya. Kizuri, lakini nilikisoma nikiwa nimenuna.

Hali ya vitabu vyenyewe: gundi ya miaka hiyo imekufa, ukifungua sana ukurasa unabaki mkononi. Kabla ya kulipa, angalia mwisho. Mimi sikuangalia nilipochukua The Day of the Triffids cha John Wyndham, 1951, kule Memorial. Bill Masen anaamka hospitali macho yamefungwa bandeji. Usiku uliotangulia dunia nzima ilitoka nje kutazama vimondo vya kijani, na wote waliotazama wameamka vipofu. Mitaani kuna mimea mirefu inayotembea na kuchoma watu kwa mjeledi wenye sumu. Babu hakugusa chai kabisa. Ukurasa wa mwisho nilionao unaishia katikati ya sentensi. Kurasa zilizobaki nadhani zilifungia karanga.

Nimemwomba mgeni mmoja akifika kwao anipigie picha kurasa za mwisho. Bado. Babu ananiuliza kila usiku wale watu wamefikia wapi, na juzi akaniuliza kama katika nchi ile yote hakuna mbuzi, maana mimea ni mimea, hata itembee.

Nikamwambia katika kurasa nilizo nazo sijaona mbuzi.

"Basi hao wamekwisha," akasema, akaenda kuzunguka nyuma.